Thika na Ruiru: Mikopo Nafuu ya Serikali na Swali la Asilimia Tatu

Si wachache miongoni mwa wasomaji wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu walio na jamaa kwenye ile barabara itokayo Nairobi kuelekea Thika. Mmoja ana mwana anayesoma Juja, katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta. Mwingine ana binti aliyeolewa Ruiru. Mwingine ana shangazi aliyehamia Thika zamani, akapanga chumba Majengo, na hadi leo wajukuu zake huko wanazungumza Kiswahili na Kikikuyu kwa ufasaha ule ule. Jamaa hawa wanapoteremka pwani wakati wa Idi, mazungumzo ya kina mama hayakawii kufika kwenye swali moja: kikundi chetu kimeambiwa kuna mkopo wa serikali, hauna riba, ila una ada ya asilimia tatu, je, tuuchukue?

Swali hilo laonekana dogo. Kwa mama mwenye biashara ya mahamri na mbaazi, ama mwenye meza ya nguo za mitumba, jibu lake ndilo litakaloamua kama atanunua gunia zima la unga au ataendelea kununua pakiti mbili mbili kwa bei ya juu. Ndilo litakaloamua pia kama atalala usiku na moyo mtulivu. Tumeona lafaa lijibiwe kwa utulivu, kwa kuangalia mikopo yenyewe jinsi ilivyo.

Kwanza, tuujue mji wenyewe. Katika sensa ya mwaka 2019, Ruiru ilihesabiwa kuwa na watu 490,120, na Thika watu 251,407. Ruiru, ambayo wengi wetu tuliijua kama kituo kidogo cha kahawa, leo inaushinda kwa idadi ya watu mji wa Eldoret. Barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa rasmi Novemba 2012, ilileta wapangaji kwa maelfu: walimu, askari, vibarua wa mjengo, wafanyakazi wa ofisi za Nairobi. Palipo na wapangaji pana wauzaji. Kila steji ina safu ya meza za mboga, viazi karai, chapati, simu na viatu, na nyuma ya meza hizo aghalabu ameketi mwanamke.

Huyu mwanamke hana hati ya ardhi. Nyumba anayolala ni ya kupanga, na meza anayouzia ni ya siku kwa siku. Benki ikimuuliza dhamana, atakuwa na nini cha kuonyesha? Kwa hiyo hukopa anapoweza kukopa. Kuna wale wakopeshaji wa mtaani waitwao mashailoki, wanaochukua kitambulisho na kadi ya benki ya mtu kama rehani. Na kuna mikopo ya simu. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Kwa mkopo wa shilingi 10,000 hiyo ni shilingi 750, na mtu husema, kumbe si nyingi. Lakini anayekopa na kulipa na kukopa tena kila mwezi, mwaka mzima, atakuwa ametoa shilingi 9,000 kwa ajili ya kuitumia 10,000 ile ile. Ada ile haikuitwa riba katika lugha ya matangazo. Jina halikuibadilisha.

Hapo ndipo serikali inapoingia, na haikuanza jana. Tangu miaka ya 1950, enzi za ukoloni, kulikuwa na Bodi za Pamoja za Mikopo katika wilaya za Kenya. Ziliitwa za pamoja kwa sababu serikali kuu ilitia fungu lake na baraza la eneo likatia lake, kisha fedha zikakopeshwa wafanyabiashara wadogo wa Kiafrika ambao benki za wakati huo hazikuwatazama. Mpango huo uliendelea baada ya uhuru kwa miongo mingi. Fikra yake ilikuwa njema: mamlaka iliyo karibu na soko inawajua wauzaji wa soko. Ilipokuja katiba ya 2010, na serikali za kaunti zikaanza kazi 2013, mabaraza ya manispaa ya Thika na Ruiru yalivunjwa, na jukumu la kuendeleza biashara likakabidhiwa Kaunti ya Kiambu. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012, kifungu cha 116, inairuhusu kila kaunti kuanzisha hazina yake kwa idhini ya bunge la kaunti. Kwa msingi huo kaunti nyingi, za bara na za pwani, zimefungua hazina za kukopesha vijana, wanawake na walemavu. Ya Kiambu ilivuma kwa jina la Jiinue.

Walakini, tukizungumza na kina mama, hazina inayotajwa zaidi ni ile ya Uwezo. Hii ni ya serikali kuu, ila inagawanywa kwa maeneobunge, nao Thika Town na Ruiru ni maeneobunge mawili tofauti, kila moja na kamati yake. Historia yake ina ladha. Mwaka 2013 zilitengwa shilingi bilioni 6 kwa ajili ya duru ya pili ya uchaguzi wa urais. Duru hiyo haikufanyika. Fedha zikaelekezwa kwa vijana, wanawake na walemavu, na hazina ikazinduliwa Septemba 2013. Kikundi kilichosajiliwa kwa ofisi ya ustawi wa jamii, chenye akaunti ya benki, na ambacho wanachama wake huchanga kila mwezi na kukopeshana wenyewe kwa wenyewe, chaweza kuomba kuanzia shilingi 50,000 hadi 500,000. Kwanza wanachama hupewa mafunzo. Kisha wakipata fedha hawaanzi kulipa papo hapo. Wana miezi sita ya kupumua, na mkopo wote hulipwa ndani ya miaka miwili. Riba hakuna. Kuna ada ya uendeshaji ya asilimia 3, mara moja tu.

Sharti la kuchangishana kila mwezi linastahili kusifiwa. Sisi wa pwani twajua upatu, na ndugu zetu wa Kiambu wanajua chama; jambo ni lile lile. Wanawake wanaotoa shilingi mia mbili kila Jumapili bila kukosa, mwaka mzima, wamekwisha kuthibitisha uaminifu wao kuliko karatasi yoyote ya benki. Serikali kwa mara moja ilitazama kitu ambacho wanawake walikuwa nacho, badala ya kuuliza wasichokuwa nacho.

Hazina ya Hustler ni habari nyingine, na twaitaja kwa sababu watu huzichanganya. Ilizinduliwa na Rais William Ruto tarehe 30 Novemba 2022. Hukopesha mtu binafsi kupitia simu, kuanzia shilingi 500 hadi 50,000, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na muda wa kulipa ni siku 14. Tukipiga hesabu, shilingi 1,000 kwa siku 14 huzaa riba ya shilingi tatu na senti chache. Kwa unafuu wa bei, hakuna mkopo wa simu uliokaribia hapo. Lakini hapa hata jina halifichi: ni riba, imetangazwa kuwa riba, na udogo wake hauibadilishi hukumu yake. Viongozi wa Kiislamu walilisema hilo mapema, kwamba mpango huu kama ulivyo unawafungia mlango Waislamu wanaolipa kodi kama wenzao. Tena kuna neno jingine, hata kwa asiyejali riba: siku 14 ni chache mno. Mwenye kununua nyanya alfajiri na kuziuza kabla ya magharibi aweza kulipa. Fundi cherehani anayeshonea wateja sare za shule, ambao hulipa mwisho wa mwezi, atalipa kwa nini? Atalipa kwa kukopa kwingine.

Basi turudi kwenye asilimia tatu za Uwezo, maana hapo ndipo penye utata wa kweli.

Wanazuoni hawakulinyamazia suala la gharama za mkopo. Anayekopesha watu elfu ana karani, ana vitabu, ana ofisi. Nani alipe mishahara hiyo? Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Amman, Jordan, mwaka 1986, na miongoni mwa maswali yaliyoletwa mbele yake yalikuwa ya Benki ya Maendeleo ya Kiislamu kuhusu jambo hilo hasa. Jibu la baraza lilikuwa kwamba yafaa kutoza ada ya huduma ya mkopo, kwa sharti kwamba isizidi gharama halisi iliyotumika. Kinachozidi gharama halisi ni riba iliyoharamishwa.

Sasa tuyaweke maneno hayo kando ya hesabu. Kikundi cha kina mama wa Makongeni, tuseme, kimekopa shilingi 50,000. Asilimia 3 ni shilingi 1,500. Ukizingatia fomu, ziara ya afisa, mafunzo na ufuatiliaji wa miaka miwili, si vigumu kuamini kwamba 1,500 haifikii hata gharama halisi. Kikundi kingine cha Githurai kimekopa 500,000. Asilimia 3 ni shilingi 15,000. Je, fomu ya pili iliandikwa kwa wino wa bei mara kumi? Afisa alikwenda mara kumi? Kama kazi ilikuwa ile ile, basi palipo na tofauti ya shilingi 13,500 pana swali, na swali hilo si la kubuni. Ndiyo sababu wanazuoni wengi huona ada ya kiwango maalumu, isiyopanda pamoja na ukubwa wa mkopo, ni salama zaidi kuliko ada ya asilimia.

Sisi si mamufti, na hatutoi fatwa kupitia jarida. Lakini mtu anaweza kusema kwa haki kwamba baina ya Hustler na Uwezo pana tofauti kubwa. Moja ni riba inayohesabiwa kwa siku na kuongezeka kadiri muda unavyopita. Nyingine ni ada ya mara moja ambayo haiongezeki hata ukichelewa kulipa ndani ya miaka miwili, na shaka iliyomo yahusu namna ya kuikadiria tu. Kuziweka zote katika kapu moja na kusema "zote haramu, msiguse" ni kuwarudisha kina mama kwa shailoki, na huyo hana shaka yoyote ndani yake. Aliye na kikundi na aende kwa imamu wa msikiti wake, au kwa kadhi, akiwa na karatasi ya masharti mkononi, si kwa maneno ya kusikia. Swali lililo wazi hupata jibu lililo wazi.

Kuna jambo tunaloliona kuwa zito kuliko hata hilo la ada, nalo halisemwi sana kwa kuwa linagusa nyumba.

Mkopo wa kikundi una wadhamini, na wadhamini ni wanachama wenyewe. Mmoja akishindwa, wenzake hulipa. Katika fiqhi hii ni kafala, nayo inaruhusiwa. Mashuhuri ni kisa cha Abu Qatada aliyejitolea kubeba deni la maiti ili Mtume, rehema na amani zimfikie, apate kumsalia. Lakini Abu Qatada alijua anachokibeba. Ni kina mama wangapi wanaotia kidole gumba kwenye fomu wakidhani wanashuhudia tu? Kama kikundi kina watu kumi na mkopo ni 200,000, kila mmoja amepata 20,000 mkononi na amebeba 200,000 mabegani. Hilo lisemwe kwa sauti kabla ya wino kukauka.

Na kuna suala la mume. Yapo majumba ambamo mkopo huchukuliwa kwa jina la mke, kwa kuwa hazina ni za wanawake, kisha fedha zikaishia kwenye pikipiki ya mume, au kwenye deni la mume, au kwenye mahari ya mke wa pili. Hatusemi mke asimsaidie mumewe. Bi Khadija alimsaidia Mtume kwa mali yake na hilo ni tukufu. Twasema tu kwamba sheria yetu imempa mwanamke mali yake peke yake, wala mume hana haki ndani yake ila kwa ridhaa. Akimpa, na iwe hiba inayojulikana kuwa hiba, au mkopo unaojulikana kuwa mkopo, na uandikwe. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, yahusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Haikusema isipokuwa baina ya mke na mume. Mama mkwe akinuna kwa kuona daftari, na anune. Deni litakapodaiwa atakayeitwa ofisini ni yule aliyetia sahihi.

Vile vile mauti. Deni hutolewa katika mali ya marehemu kabla ya urithi kugawanywa. Mwanachama wa kikundi akifariki huku mkopo haujaisha, warithi wake wanafaa kuambiwa kiasi kilichosalia, si miezi sita baadaye wakati mali imekwisha gawanywa na cherehani imekwisha chukuliwa na kaka. Kikundi chenye daftari safi chaweza kufanya hivyo siku ya tatu ya matanga. Vikundi vingine hutenga sehemu ya michango ya kila mwezi kwa ajili ya msiba wa namna hiyo, kila mtu akichangia kwa nia ya kusaidiana, nayo ni njia inayofanana na takaful.

Upande wa serikali nao una lawama zake. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu zimekuwa zikirudia neno lile lile kuhusu hazina za namna hii: mikopo iliyotolewa haijarudi, na vikundi vingine havijulikani vilipo. Sababu moja ni siasa. Hundi kubwa za karatasi hutolewa uwanjani karibu na uchaguzi, mbele ya kamera, na mwenye kupokea hudhani amepewa zawadi kwa ajili ya kura yake. Pesa za serikali, husema watu, ni zetu. Kwani zilitoka wapi? Zilitoka kwa jirani, naam, na jirani aliye kwenye foleni ya kukopa baadaye ndiye anayekosa zisiporudi. Kwa Muislamu hili halina mjadala. Deni la hazina ya umma ni deni la watu wengi, na mtu hawezi kuwaendea wote siku ya mwisho akiwaomba radhi mmoja mmoja.

Lakini anayeshindwa kweli, kwa ugonjwa au kwa moto wa soko, si sawa na anayekwepa. Qur'ani imeamuru mwenye dhiki apewe muda hadi apate nafasi. Kanuni za hazina zingefaa kuwa na mlango huo ulioandikwa: mwanachama alete ushahidi wa dhiki yake, apewe miezi kadhaa bila ada ya ziada. Jambo hilo si la Waislamu pekee. Mkristo wa Gatongora aliyeunguliwa na kibanda analihitaji vile vile.

Wenzetu wamefanyaje? Jirani wa karibu ni Tanzania. Huko kila halmashauri inatakiwa na sheria, tangu marekebisho ya mwaka 2018, kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 wanawake, asilimia 4 vijana, asilimia 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Kwa hiyo mama wa Tanga, mwendo wa saa chache kutoka Lungalunga, hulala bila swali linalomkosesha usingizi mwenzake wa Thika. Si kwamba mambo yalikwenda kama maji mtungini. Mikopo ilisitishwa Aprili 2023 kwa sababu ya fedha kupotea na vikundi hewa, kisha ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu uliorekebishwa. Kasoro ilikuwa katika usimamizi, na usimamizi ndio uliotengenezwa. Kule kutotoza riba hakukuguswa.

Mbali zaidi, huko Lahore, Pakistan, Daktari Muhammad Amjad Saqib na wenzake walianzisha Akhuwat mwaka 2001, kwa mkopo wa kwanza wa rupia 10,000 aliopewa mwanamke mmoja. Waliazima jina kutoka kwenye udugu wa Muhajirina na Ansari. Mikopo haina riba, na hutolewa misikitini na hata makanisani, mbele ya watu, ili anayekopa aone aibu kukwepa na asione aibu kukopa. Kinachotuhusu ni kwamba mwaka 2011 serikali ya jimbo la Punjab iliamua kuipa Akhuwat fedha za umma ikopeshe kwa utaratibu wake huo. Serikali haikuhitaji kuunda idara mpya. Ilitafuta wanaoaminika na kuwapa kazi.

Je, Kiambu yaweza? Nchini Kenya mambo ya fedha za Kiislamu si mageni tena. Gulf African Bank na First Community Bank, ambayo siku hizi ni Premier Bank, zilianza kazi 2008, na Benki Kuu inazisimamia. Njia ya murabaha inajulikana: benki hununua cherehani au friji, kisha humuuzia mteja kwa bei iliyotajwa na faida iliyotajwa, alipe kidogo kidogo. Kaunti ikiwa na hazina yake, hakuna sheria inayoizuia kuweka dirisha la namna hiyo, au kuondoa neno "asilimia" kwenye ada na kuweka shilingi kamili kwa kila mkopo. Kwa hazina za kaunti, kanuni hupitishwa na bunge la kaunti, si na Nairobi. Hapo ndipo mkazi ana nguvu asiyoijua.

Kifungu cha 196 cha katiba kinalilazimisha bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika kazi zake. Kila mwaka, karatasi ya mwelekeo wa fedha ya kaunti hufikishwa bungeni kufikia mwisho wa Februari, na makadirio ya bajeti kufikia mwisho wa Aprili. Katika miezi hiyo huitwa mikutano ya kusikiliza maoni, na matangazo hutoka magazetini na kubandikwa kwenye ofisi za wadi. Thika Town ina wadi tano: Township, Kamenu, Hospital, Gatuanyaga na Ngoliba. Ruiru ina nane, tangu Biashara na Gitothua hadi Kahawa Wendani na Mwihoko. Mikutano hiyo aghalabu hujaa wanaume wanaozungumzia barabara na mitaro. Kina mama hukosa kwa sababu saa hizo wako sokoni, ama kwa sababu hawakuambiwa.

Maoni yanayoandikwa huwa na uzito kama yanayosemwa. Kikundi chaweza kuandika ukurasa mmoja, wanachama wote watie sahihi na namba ya usajili, waombe mambo matatu: ada ya mkopo iwe kiasi maalumu kinacholingana na gharama iliyothibitishwa, kuwe na njia ya kununuliwa bidhaa badala ya kupewa fedha taslimu kwa anayetaka, na mwenye dhiki iliyothibitishwa apewe muda bila nyongeza. Watumie maneno ya kawaida. Si lazima waandike neno "sharia", maana ombi lenyewe linamfaa kila muuzaji, wa msikitini na wa kanisani, na jirani zao Wakristo katika kikundi wataweza kutia sahihi pamoja nao. Barua hupelekwa kwa Karani wa Bunge la Kaunti, mjini Kiambu. Nakala moja apewe mwakilishi wa wadi, na nyingine, iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, ibaki kwenye daftari la kikundi.